Chupa ya Gololi

Kayanga, 4 Juni 2023

Mdogo wangu Benadeta,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila masikio yangu unayajua. Simu imekuwa kazi ya kupigiana kelele, ndiyo maana naandika na kumpa dereva wa basi dogo. Migomba inaendeleaje na huo mnyauko? Na Taata, baba yetu, anakula?

Chupa zangu za kale zimefika sitini na moja. Wifi yako analalamika kwamba dirisha limejaa chupa, jua halina pa kuingilia. Juzi nimepata moja ya kijani, nene, kwa mama Kantengwa wa Isingiro, aliyekuwa akitunzia samli ndani yake. Nilimpa madumu mawili mapya, akanicheka waziwazi.

Lakini bado sina ya gololi, kama ile ya soda aliyoileta Taata kutoka Bukoba tukiwa wadogo. Unakumbuka gololi ilivyokuwa ikicheza shingoni? Chupa ilipotea nikiwa na miaka kumi. Taata akasema nimeivunja nichukue gololi, akanichapa. Miaka sitini sasa, na Krismasi iliyopita aliwasimulia tena wajukuu zangu, nami nimekaa pale pale. Natamani aniamini kabla hajafumba macho.

Kaka yako,
Kamugisha

Kamuli, 19 Juni 2023

Shikamoo kaka,

Hatujambo. Taata anakula ndizi kidogo. Macho yamefifia, ila kwa masikio anakushinda. Mnyauko umetumaliza upande wa chini wa shamba, tunang'oa migomba pamoja na visiki.

Sasa kaa kwanza kwenye kiti. Jana jembe limegonga kitu kwenye lile shimo la zamani la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, ambalo Taata alilifukia akapanda mgomba juu yake. Ni ile chupa. Nzima kabisa, na gololi imo shingoni. Taata sijamwambia.

Mdogo wako,
Benadeta

Kayanga, 21 Juni 2023

Benadeta,

Hujambo huko? Leo hata jibu la salamu sina subira ya kulingoja. Barua yako nimeisoma mara nne nimesimama stendi, nikamkumbatia dereva mpaka abiria wakashangaa. Usiisugue kwa mchanga wala majivu kama sufuria. Isuuze kwa maji tu, ifunge kwenye kitenge, iweke mbali na kuku. Jumamosi nakuja nimkabidhi Taata mwenyewe, mkononi.

Nimewaza sana ilifikaje shimoni. Ni binamu yetu Yustus tu, Mungu amrehemu. Alikuwa anashinda kwetu, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuchukua vya watu. Nitamwambia Taata hivyo.

Kaka yako,
Kamugisha

Kamuli, 22 Juni 2023

Shikamoo kaka,

Nakuombea uwe mzima unapoisoma hii. Yustus mwache apumzike. Ni mimi.

Uliniambia kwa siri kwamba Jumapili tukitoka kanisani utaivunja utoe gololi. Nilikuwa na miaka saba, na ile chupa niliipenda kuliko kitu chochote nyumbani. Ndizi zilikuwa zimeshatolewa shimoni, nikaichimbia humo, nikijua itakaa siku chache tu. Kesho yake Taata akalifukia shimo. Ulipokuwa unachapwa nilikuwa jikoni, nimejiziba mdomo. Niliogopa siku ile, siku iliyofuata nikaogopa zaidi, mwishowe nikazeeka nayo. Nisamehe kaka yangu.

Sikuweza kungoja Jumamosi. Leo alfajiri nimemweleza Taata yote. Aliiomba chupa, akaitikisa sikioni mpaka gololi ikalia. Kisha akasema, "Kamugisha fimbo alishazila. Mwambie aje aivunje, gololi ni yake."

Kaka, hatanii. Amekaa barazani na chupa mapajani, na ameagiza nyundo. Barua hii nampa bodaboda aikimbize.

Mdogo wako,
Benadeta

Kayanga, 22 Juni, alasiri

Mdogo wangu,

Bodaboda amefika salama, nimemzuia arudi na hii. Mimi mzima, ila nimelia. Wifi yako ni shahidi. Taata kaniamini! Na wewe miaka yote hiyo umeubeba mzigo huu peke yako, wakati mimi kweli nilikuwa nimeshachagua hadi jiwe la kuivunjia. Usingeifukia, leo tusingekuwa na chupa. Nimekusamehe, na fimbo zile tusizihesabu tena.

Natoka sasa hivi na basi dogo. Lakini Taata ana haraka, na kumbishia huwezi. Basi, hiyo nyundo ifiche. Kwa kazi hiyo nakuamini.

Kaka yako,
Kamugisha