Kisima Hakizikwi Kabla ya Sabuni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena: ya kwanza ni ya leo, ya pili ni ya miezi mitano niliyokaa bila kukuandikia. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nawe ukamjibu kwamba matangi hayashuki chini kuja kutengenezwa. Kwa jibu hilo nimejua u mzima. Mama mwenyewe hajambo? Na kaka na shemeji, na mpwa wangu ambaye nasikia ameota meno mawili na tayari ameanza kuuma nayo watu? Wasalimie mmoja mmoja, tafadhali, usiwasalimie kwa jumla kama mwenyekiti wa mkutano.

Mimi ni mzima, nimekonda kidogo na kuungua jua sana. Kisiwa hiki ni kidogo. Ukitoka asubuhi kwa miguu kukizunguka, kabla ya chakula cha mchana umerudi ulikoanzia. Joto lake halipigi hodi. Chumba changu kiko nyuma ya zahanati, kina kitanda, meza, dirisha la wavu, na kaa wawili wanaopita chini ya mlango kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Chumvi iko kwenye hewa yenyewe. Bawaba za mlango nilizozikuta mpya zimeshaanza kumeguka. Tuko wanne tuliokuja kujitolea: mkunga, mwalimu wa hesabu, mimi mhandisi wa maji, na kiongozi wetu, ambaye kwa mapenzi yake ya makaratasi tumempa jina la Bwana Ratiba. Mshahara hatuna. Tunapewa chakula, kitanda, na jua kwa wingi.

Baba, kuna jambo nataka kuungama kwako. Nimeliweka mwishoni, na nakuomba usilirukie kama unavyorukia kurasa za michezo gazetini. Halisemeki kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Zahanati yetu inapata maji kwa pampu inayovuta kutoka kisima kilicho uani. Nilipofika, mota ilikuwa inanguruma vizuri lakini bomba la wodi ya wazazi lilikuwa likikohoa tu na kutema kikombe kimoja kwa saa. Maji yalikuwa yanabebwa kwa ndoo kutoka ng'ambo ya kilima, na wabebaji ni mama zao na dada zao wale waliolala wodini. Nikapima, nikapiga hesabu, nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Ripoti ilisema kisima kimekauka, kichimbwe kingine, kazi ya mwaka mzima. Hadi hapo wodi ya wazazi ifungwe na wajawazito wapelekwe kwa boti hospitali kubwa, saa tatu baharini. Bwana Ratiba aliisifu sana. Ingeondoka na boti ya Alhamisi, na ikishafika makao makuu hakuna wa kuirudisha.

Muuguzi mkuu, mama mpana asiyepoteza maneno, aliisoma akiwa amesimama. Aliporudisha karatasi alisema tu kwamba mzazi wa mwisho aliyejaribu safari hiyo alijifungulia njiani, na mtoto anaitwa Mashua hadi leo. Akaongeza kwamba huyo alikuwa na bahati, na kwamba asingependa kunitajia wasiokuwa nayo. Usingizi ulinipaa, Baba.

Jumanne asubuhi nikaenda kukaa kando ya pampu. Maneno yako yakanijia, yale uliyokuwa ukiwaambia wateja wenye haraka, kwamba kisima hakizikwi kabla ya sabuni. Nikatazama huku na huku nione kama kuna mtu ananiangalia. Kumbuka hilo, utalihitaji mbele. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya pampu na mpini wake sikioni, kama ulivyonionyesha nikiwa na miaka saba, nikasikia kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Pampu ilikuwa inakunywa upepo badala ya maji. Lakini hata kisima kikavu hulia hivyo, kwa hiyo nikaenda kumwomba muuguzi mkuu sabuni ya kufulia. Alidhani nataka kufua, akasema ni vyema nipate kazi nyingine.

Nikakoroga povu zito kwenye beseni, nikalipaka kwenye kila kiungo cha bomba linalovuta maji kutoka kisimani, pampu ikiwa inazunguka. Viungo viwili vya kwanza povu lilitulia. Cha tatu kililimeza. Baba, lilizama mbele ya macho yangu! Nikapaka tena, likazama tena, nikacheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Hapa kila wageni wa mradi wanapotarajiwa, watu hupaka rangi ya bluu kila kitu kisichotembea, mabomba yakiwamo, ili zahanati ing'ae. Nilipokwangua kiungo kile nilikuta rangi tabaka tisa. Muuguzi mkuu alizihesabu pamoja nami na kutaja wageni wa kila tabaka, nani alikula sana na nani aliahidi gari. La juu kabisa lilipakwa kwa ajili yetu sisi, na Bwana Ratiba ameandika kwa mkono wake kwamba mabomba yanatunzwa vizuri mno. Chini ya yote hayo palikuwa na ufa wa kutu wenye urefu wa kidole, na upepo ulikuwa ukiingilia humo. Kisima kilikuwa na maji siku zote.

Nilikata kipande kile, nikaunga cha plastiki, nikafunga kwa mpira wa tairi bovu kama ufanyavyo wewe. Nikajaza maji kwenye pampu na kuiwasha. Ilikohoa, ikatema tope, kisha ikavuta maji. Kufikia alasiri tangi lilikuwa linafurika. Muuguzi mkuu alifungua bomba la wodi, akaliacha likimwagika, akasimama mikono kiunoni huku machozi yakimtoka, na ole wake ambaye angemwambia afunge.

Nilimwendea Bwana Ratiba na kumwambia kurasa zangu kumi na moja ni makosa matupu. Nilitegemea kelele. Badala yake aliitisha mkutano siku iliyofuata, barazani kwa zahanati, akanisifu mbele ya kisiwa kizima. Akawaambia wasishangae, maji hufuata mkondo, kwani baba wa binti huyu ni mhandisi mkubwa aliyestaafu.

Ni mimi niliyemwambia hivyo, Baba. Wiki ya kwanza, tulipokuwa tunajitambulisha.

Ningeweza kutabasamu tu mambo yakaisha. Nikasimama. Nikawaambia baba yangu si mhandisi wala hajastaafu. Ni fundi pampu, shule aliishia darasa la tano, anatembea na spana zake kwenye mfuko wa saruji nyuma ya baiskeli, na nilichokifanya jana hakimo katika kitabu changu hata kimoja. Sijawahi kusema kitu kwa fahari namna ile. Muuguzi mkuu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama kwetu kuna akina baba wengine wa aina hiyo, maana huku wangepokea hata wawili.

Sasa lile jambo. Siku ya mahafali yangu nilikwambia kadi ya wageni ni moja, ya mama. Zilikuwa mbili. Ya pili nilimpa rafiki yangu kwa ajili ya mjomba wake, mwenye suti na gari. Wewe ulikuwa umeshanunua shati jeupe, niliona limetundikwa mlangoni likiwa bado na pini za dukani. Ulisema hakuna shida, mama atakusimulia, ukapanda baiskeli ukaenda kazini. Sikuhofia kwamba utaniaibisha kwa neno baya. Nilihofia kwamba mtu atakuuliza unafanya kazi gani, nawe utamjibu bila kusita, kama unavyojibu siku zote. Nisamehe, Baba. Mama hakujua lolote, usimlaumu.

Mkataba wangu unaisha, natua nyumbani tarehe kumi na nne mwezi ujao, saa nane mchana. Bwana Ratiba na wenzangu wote tunashuka pamoja. Moyo wako ukikuruhusu, njoo bandarini unipokee. Njoo na ovaroli yako ya kazi, ile yenye grisi. Nitakushika mkono na kukupeleka kwao mmoja mmoja, na wakikuuliza unafanya kazi gani, wajibu bila kusita, kama unavyojibu siku zote.

Salamu nyingi kwa mama na wote wa nyumbani. Mungu akutunzie goti hilo na mikono hiyo.

Ni mimi binti yako,
Kitindamimba