Baba Mkwe Amerudisha Baruti Kwenye Chupa Isiyo Yake

Shangazi Verna, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, kila Alhamisi nakusoma gazetini ukiwagombeza wenzangu na huwa nacheka peke yangu jikoni, leo zamu yangu imefika.

Mimi nimeolewa huku Montana katika ukoo wa wafuga ng'ombe, mume wangu anaitwa Dell, na baba mkwe wangu, mzee Orvin, ndiye anayetushindilia kwa mkono, baruti na vyote, risasi za kuwindia sisi sote, Dell, shemeji zangu na mimi, tangu nimeingia ukoo huu sijaona mtu akileta nyumbani risasi za dukani, na unavyojua watu wa huku hawapigi risasi zilizoshindiliwa na mtu mwingine, hata rafiki akikupa unashukuru, unaziweka kabatini zikae hukohuko, lakini za baba unazipiga, na siku mzee alipoweka boksi mbele yangu akasema, “Hizi zako, mkwe,” nilijua nimepokelewa, nikaenda kulia chooni. Msimu ukiisha tunamrudishia maganda matupu, anayasafisha, anayajaza upya, ndivyo tunavyoishi.

Sasa Jumamosi iliyopita nilimpelekea supu kule bandani anakofanyia kazi, nikakuta chupa mbili za baruti zimefunguliwa mezani kwake, mbili, Shangazi, na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mezani inakaa chupa moja tu, nikamwona kwa macho yangu anachukua baruti iliyobaki kwenye kipimio, ile ya bastola inayowaka upesi, anaimimina kwenye chupa ya baruti ya bunduki, zote nyeusi, zote punje ndogondogo kama pilipili manga, zikishachanganyika hata malaika hawezi kuzitenganisha.

Nikamwambia, “Baba, hiyo siyo chupa yake.”

Akasema bila kugeuka, “Marva, mimi nilikuwa nashindilia risasi wewe bado unatambaa. Weka supu hapo.”

Nikaweka supu nikaondoka. Jioni akaja kwetu na boksi, amelitia jina BRITTA kwa herufi kubwa zilizopinda, maana binti yangu Britta anakwenda kuwinda kulungu mara yake ya kwanza msimu ukifunguliwa mwisho wa mwezi, mzee akasema kwa furaha, “Nimezijaza leoleo, baada ya supu ya mama yako,” na mtoto akamkumbatia babu yake hadi kofia ikamdondoka. Wewe unajua baruti ya bastola ikiingia kwenye risasi ya bunduki inafanya nini, bunduki inapasuka pale pale shavu la anayelenga lilipoegemea.

Nikamwambia Dell.

“Baba hajawahi kukosea,” akasema.

“Nimemwona, Dell.”

“Umeona mvuke wa supu.”

“Nimeona chupa mbili!”

“Basi nenda kamwambie wewe kwamba amezeeka. Mimi siendi. Tangu mama afariki mzee amebaki na meza ile tu. Ukimnyang'anya hiyo, mchimbie na kaburi kabisa.”

Shangazi, binti yangu hatafyatua hata risasi moja ya boksi lile, hilo nimeshaamua, hata ikibidi Dell ahamie kwa baba yake na mabuti yake. Sikuombi ruhusa, nakuomba njia. Nimefikiria ninunue za dukani zinazofanana, nizipange ndani ya boksi lilelile lenye jina, zile za mzee nikazitupe mtoni, yeye abaki na heshima yake na mtoto abaki na uso wake, asijue mtu. Je, nitakuwa nimekosea sana? Nampenda mzee yule kuliko baba yangu mzazi, na ndiyo maana nashindwa.

Ni mimi mkwe.

SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Marva (ndivyo nilivyokubatiza, na wengine wote nimewabadilishia majina, maana mzee wako gazeti hili hulisoma hadi matangazo ya ng'ombe waliopotea),

Pole, mwanangu. Uliloliona umeliona sawasawa, na ulivyoamua umeamua vyema. Mama akikataa jambo kama hili haitishi kura ya ukoo. Ila hiyo njia uliyoibuni ni ya kipumbavu, keti nikwambie.

Maganda! Si umeandika mwenyewe kwamba mnamrudishia maganda? Kila ganda lina chapa ya mtengenezaji kwenye kitako, na mtu aliyeyashika maganda yale maisha yake yote atalijua lililo geni hata akiwa amefumba macho. Atakaa pale mezani peke yake agundue kwamba alikosea, tena mlijua, tena mkamnyamazia kama mtoto mchanga. Huko ndiko kumvunjia mtu heshima. Halafu chupa je? Umewaza boksi, chupa umeisahau! Bado iko kwenye rafu yake, kesho anamshindilia Dell, kesho kutwa shemeji zako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mtoni usitupe kitu, samaki hawajakukosea.

Kosa lako lingine ni kwamba uliweka supu ukaondoka. Ulipaswa kukaa palepale, supu mkononi, hadi ageuke. Mumeo naye mwambie nimesema ni mwoga. Anauogopa uso wa baba yake kuliko anavyouhofia uso wa binti yake, na hilo mpe alisome mwenyewe hapa gazetini, akitaka aje ofisini kunilalamikia, kahawa ipo.

Sasa fanya hivi. Jumamosi asubuhi, mzee akishakunywa kahawa, nendeni bandani wewe na Dell. Dell akigoma, nenda peke yako. Beba boksi zima. Usitaje macho, usitaje umri, usilie. Muulize swali moja tu: “Baba, baruti usiyoijua ni ipi ulitufundisha tuifanyeje?” Kisha funga mdomo. Jibu lake analijua kila mshindiliaji wa jimbo hili: inamwagwa kwenye nyasi, majani yananawiri. Mwache alitamke kwa kinywa chake. Akishatamka, mwambie: “Jumamosi ile ulikuwa na mbili mezani, na iliyobaki uliirudisha kwenye hii.” Usiseme “nadhani”. Usiseme “labda”. Sema mara moja, kama unavyomwambia mtu lango liko wazi na ng'ombe wanatoka.

Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake, amechomwa. Lakini mtu aliyewafundisha watoto wake sheria ile hawezi kuivunja mbele yao, na mimi naamini chupa ile ataibeba mwenyewe hadi uani. Usimpokee, usimsaidie. Zile risasi pia azifungue yeye, kwa vifaa vyake, moja moja, zote alizojaza tangu siku ile. Ni fundi, hajawa mgonjwa wa kulishwa.

Baada ya hapo meza isifungwe. Dell ndiye atakayekaa naye, asome jina la chupa kwa sauti, mzee aitikie, ndipo kizibo kifunguliwe. Kukaa na baba yake pale ilikuwa kazi yake tangu mama yake afariki, na hakuifanya. Mpelekeni mzee kwa daktari wa macho, huenda ni mtoto wa jicho tu, akiondolewa atarudi kuhesabu kupe mgongoni mwa fahali. Msimu huu Britta atumie za dukani, waziwazi, babu yake akijua, na Dell amrekebishie upya shabaha ya bunduki kwa risasi hizo kabla hajapanda mlimani.

Na mzee akikataa katakata, Dell akajiunga naye? Chomoa komeo la bunduki ya binti yako, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, lifunge kwenye taulo la jikoni, ukae nalo. Bunduki isiyo na komeo ni fimbo ya kutembelea. Watakununia wote. Mzee atasusa chakula chako, Dell atalala kwenye kochi, binti atapiga kelele kwamba umemwaibisha mbele ya kata nzima. Pika kama kawaida, panga sahani zote, na komeo usilitoe. Aliyenuna hurudi mezani siku moja. Jicho halirudi.