Jiwe Lako Kanisani

Mwanangu Rayya,

Hapa nyumbani Al Khoudh sote wazima, isipokuwa goti langu la kulia. Tangu nipande lile jukwaa lenu la mafundi, linanitukana kila nnapoinuka kuswali.

Nna la kukiri. Sikuja Uhispania kukutazama tu. Mama yako alinituma nikurejeshe nyumbani: ami yako amekutafutia kazi wizarani, na jibu linatakiwa Jumapili. Ndani ya ndege niliirejea hotuba yangu kwa sauti ya chini, hata abiria wa pembeni akaniitikia "Amin".

Kisha ukanipeleka kwenye kanisa kongwe mnalolitengeneza pale kijijini. Mtindo wa kale wa Kiromaneski, ukasema. Jina refu kuliko kanisa lenyewe. Mlangoni nikavua viatu kwa mazoea. "Baba, vaa, sakafu barafu hiyo!" Nikakataa kwa ubishi, na hatua ya tatu nikajuta. Lakini nilipoangalia juu, nikausahau ubaridi. Kuta nene, vidirisha vyembamba, na matao ya duara yaliyosimama karne tisa kwa mawe kubanana tu. Nimesomesha hesabu umri wangu wote. Sijapata kuiona imetulia namna ile.

Nikakuuliza, katika tao lile, jiwe jipya ulilolichonga wewe badala ya lililovunjika lipi?

"Litafute."

Nikapanda jukwaa, nikavaa miwani, nikapapasa. Nikaonesha moja kwa uhakika wa kimwalimu.

"Hilo la miaka mia tisa, Baba."

Nikaonesha jengine. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukasema taratibu, "Ukiliona, basi nimeharibu kazi."

Hotuba nikaiacha hapo hapo juu ya jukwaa. Wewe, uliyekuwa ukilia mchoro wako usipobandikwa kwenye friji, umetia jiwe lako pahala ambapo hakuna atakayelijua, na umeridhika. Nani amekufunza hayo? Si mimi, mimi hata nikikaanga yai natangaza.

Nikarudi Al Khoudh bila ya kukwambia lolote la kazi ile. Leo nimempigia ami yako: Rayya atajibu mwenyewe, na mimi sitomshauri arudi. Baadae nikamkabili mama yako, nikakiri kuwa sikukwambia. Hata hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Nilijua hutoweza kumwambia," akasema. "Ningetaka arudi, ningekwenda mwenyewe."

Basi kaa, mwanangu, uchonge. Una radhi zetu sote wawili.

Baba yako