Maji ya Tano

Bunia

Mama yangu mpendwa,

Kaa kwanza, maana najua unapenda kusoma barua ukiwa umesimama kwenye meza yako sokoni huku wateja wanakusubiri. Mgongo unasemaje? Vumbi la Ariwara bado linakukohoza? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili nilivyounguza, na hivyo nitakueleza.

Ujumbe wa Baba mdogo ulinifikia. Anasema kemia si masomo ya msichana aliyekimbia vita Djugu na nguo moja, nirudi nikusaidie kuuza mihogo. Amesikia nilipata sifuri. Ni kweli, nilipata. Sasa nisikie na mimi.

Chuoni, kwenye somo la kemia, walitupatia chumvi ya bluu, sulfate ya shaba. Ukiishika ni kavu kabisa, kumbe ndani imefungia maji. Kazi yetu ni kuipima, kuichoma mpaka maji yatoke, kuipima tena, halafu kutafuta kila fungu moja la chumvi lilibeba mafungu mangapi ya maji. Gesi ya maabara iliisha zamani, kwa hiyo tunatumia jiko la mbabula na makala ya moto, kama jikoni kwako. Chumvi yangu ilipogeuka nyeupe nikaiondoa. Hesabu ikanipa manne. Wenzangu walichungulia kitabu, wote wakaandika matano.

Asistanti, kijana anayetusimamia, akaja kusimama nyuma yangu.

“Kitabu inasema tano. Weye unaandika ine. Futa.”

“Mizani yangu imesema ine. Siku itasema tano, ntaandika tano.”

“Basi utapata zero.”

“Andika tu.”

Mama, sikufuta. Tangu tukimbie, kila mtu anatuandikia sisi ni nani na tunahitaji nini. Hiyo namba moja ilikuwa yangu.

Nilirudi chumbani na hasira zangu, ndipo nikakukumbuka wewe na mihogo yako. Wenzako wanatazama weupe wa juu, wanafunga gunia. Wewe unapima, unaanika tena, unapima tena, na huamini mpaka mizani ikatae kusogea. Na mimi, mtoto wako wa kuzaa, nimedanganywa na weupe! Najua hapa unanicheka.

Niliomba kurudia. Asistanti alikunja uso, lakini akaniachia mbabula. Nikaongeza makala, nikachoma, nikaacha ipoe, nikapima, nikairudisha motoni, na hapo ndipo vidole vilipoungua. Yale maji ya mwisho ni mabishi, hayataki kutoka. Mizani ilipoacha kushuka nikapiga hesabu. Matano.

“Si nilikuambia?” Asistanti akacheka.

“Uliniambia. Leo iko yangu.”

Alifuta ile sifuri, akaenda kwa wengine.

Msalimie Bibi, ambaye sala zake nazisikia hadi huku. Msalimie dada yangu, umwambie nywele zangu zinamngoja azisuke. Msalimie na yule mama wa samaki wa chumvi aliyetupokea tulipofika hatuna kitu, sijamsahau.

Baba mdogo msalimie kwa heshima zote. Mwambie huenda yuko sahihi kuhusu mimi, kama Asistanti alivyokuwa sahihi kuhusu tano. Lakini jibu lake sitaliandika kabla sijapima mwenyewe. Sirudi.

Binti yako asiyefuta,
Lotsove