Risasi ya Bega la Mbogo

Mofu, Ifakara
19 Julai 1998

Kwako dada yangu Theresia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mlimba, na kile kifua kimepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Wifi yako Apolonia anakusalimu. Meno yanamsumbua, ila mdomo haujapata likizo. Mafuriko yalikula mpunga wote wa bondeni, tukavuna ule wa mwinukoni tu. Najua unajiuliza kwa nini mtu aliyenyamaza miaka mitano leo amekumbuka kwamba ana dada. Vumilia, nitafika huko.

Mwezi uliopita alinijia Limbu, yule Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya korongo. Amepata bunduki na leseni ya mbogo, akataka nimfundishe kuchagua risasi, kwa kuwa siku hizi naitwa fundi wa mawindo. Nikatoa lile kopo la marehemu baba, nikamweleza kama baba alivyotueleza: yenye pua ya kijivu ni laini, hufunguka ikigonga nyama, nzuri kwa wanyama wa jamii ya swala, sheshe na pofu. Lakini bega la mbogo lina mfupa mnene, na hapo risasi laini huvurugika kabla haijafika moyoni. Mbogo anataka yenye pua ya shaba, ngumu, isiyopinda. Nilieleza vizuri mno. Limbu alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Merina alikuwepo. Babu yake, mkweo Mzee Hermenegildi, alikuwa amemtuma kuomba chumvi. Mwanao sasa ana miaka kumi na mmoja, na macho amechukua yako. Aliniuliza, bila hata kupandisha sauti, baba yake siku ile alikuwa na risasi za pua gani. Nikamwambia chumvi imekwisha.

Dada, matusi uliyasikia, lakini ya kikaoni hukuyasikia yote, maana hukuitwa. Wazee walisema mumeo Teofili alimpiga mbogo begani, pale pale panapotakiwa, na mbogo hakuanguka. Akapiga ya pili, mnyama akazidi kumjia mpaka akamuua. Kisha mimi nikaiokota bunduki ileile, nikapiga mara moja begani, mbogo akalala. Basi kwao mambo yakawa rahisi: bunduki ni nzima, Teofili shabaha anayo, na mke wangu Apolonia alitunza miiko ya mawindo, hakuruhusu mwanamume mlangoni mumewe akiwa porini. Aliyevunja miiko ni mke wa Teofili. Wakakumbuka kwamba Abdulkarim wa Mlabani alionekana kwako akileta mkanda wa cherehani. Mkanda wa cherehani! Kwa huo wakakutoa kwenye nyumba yako, wakakunyima mtoto, wakasema wewe ndiye uliyemuua mumeo.

Kabla ya kukata shauri waliniuliza mimi, mwenye bunduki na ndugu yako wa tumbo moja, kama risasi zilikuwa za kufaa. Nilijibu kwamba zilikuwa za kufaa.

Zilikuwa za pua ya kijivu, dada. Zote. Nilizijaza mwenyewe alfajiri ile, za shaba nikazitia mfukoni mwangu; moja ya hizo ndiyo iliyomlaza mbogo baadaye. Nisije nikasema sikujua. Mwaka uliotangulia mumeo aliua mbogo kwa bunduki yangu. Kilabuni wakaimba jina lake, mimi wakaniita mbeba bunduki, nami nikacheka nao huku roho inaniuma. Nilitaka safari ile mbogo amkimbie, arudi mikono mitupu, wamcheke yeye. Sikumtakia kifo, lakini mbogo hakuniuliza nilichotaka. Naye Teofili hakufungua bunduki kuangalia. Shemeji hakagui alichopewa na shemeji yake. Tulipochuna nilikuta risasi yake imekwama kwenye mfupa wa bega, imefunguka kama ua la boga. Nikaificha kabla wengine hawajaiona. Na ufundi wangu wote ninaosifiwa hapa Mofu ulianzia siku hiyo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku unaondoka ulinishika mkono ukanishukuru, eti katika wote mimi peke yangu sikukutukana. Mkono ule nimeuchukia tangu hapo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mzee Hermenegildi, nikaiweka risasi ile mezani mbele yake na mbele ya Merina, nikasema yote. Mzee aliigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akamwambia mkewe afunge nguo za mtoto. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema atakuja Mlimba mwenyewe kukuomba radhi, mguu wake ukipata nafuu; mimi sijui kama miguu ya wazee hupata nafuu kwa safari za namna hiyo.

Kwa hiyo barua hii anakuletea Merina mwenyewe, kwa treni, pamoja na mwalimu Dorika anayerudi huko. Hatoki kwako tena. Risasi anayo yeye, ameifunga kwenye pindo la kanga. Hakukubali niitie kwenye bahasha.

Wasalimu majirani wote waliokupokea wakati sisi ndugu zako tumekutupa. Tangu Jumapili Merina ananipita bila kuniamkia, wala sijamkaripia. Nawe dada, ile shikamoo niliyoanza nayo hapo juu, usijilazimishe kuiitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Fulgensi