Siki ya Maprune kwa Wakwe wa Yaya

Jumatano, 5 Juni
Nimechuma tena. Maprune ya Japani, ndoo nzima, yale matunda mekundu yanayofanana na nyanya, ya mti wa nyuma ya jikoni. Nimeyamwagia maji ya moto, nimeyamenya, nimeyaponda na sukari. Vidole vyekundu mpaka sasa.
Dada yangu mkubwa, Yaya Nabintu, anatolewa mahari Jumamosi ya wiki ijayo. Wakwe ni walokole, hawaonji pombe. Nimemwahidi kinywaji changu cha maprune na siki. Sina zawadi nyingine. Wageni wasipokinywa, aibu itakuwa yake, si yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetia siki. Niliitengeneza mwenyewe kwa maganda ya nanasi. Maman alinusa bakuli, akarudi nyuma.
"We Zawadi! Hii iko na harufu ya betri. Bageni bakikufa humu, utabazika weye?"
Nilicheka. Kisha sikucheka. Mjini hapa mtu akiumwa tumbo baada ya kutembelea watu, majirani hawatafuti ugonjwa. Wanasema sumu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeonja. Kali mno. Nimejichukia kuanzia misa mpaka chakula cha mchana.

Jumatano, 12 Juni
Imelainika! Yaya amekunywa glasi tatu na maji baridi. Nimecheza peke yangu jikoni.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechuja kwa kitambaa. Chupa nane, zote zimefungwa. Maman amenusa, hajasema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekosea, tena kosa la kijinga. Nilitaka kuwapendeza wageni. Nikachanganya na maji jikoni, nikatoka na sinia la glasi zilizojaa.
Hakuna aliyegusa.
Nimezaliwa Bukavu, nikasahau kwamba mgeni hanywi kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Msemaji wa wakwe, mzee wa kofia, alitazama sinia, kisha dari. Yaya akainamisha kichwa. Nilitamani sakafu inimeze.
Nikarudi na chupa iliyofungwa na jagi la maji. Nikafungua mbele yao, nikachanganya, nikanywa wa kwanza. Mimi, ninayetetemeka hata kusoma somo kanisani. Macho yote kwangu. Nikapaliwa. Nikakohoa mpaka machozi.
Wageni wakatazamana.
Maman akainuka, akaninyang'anya glasi, akaimaliza yote. "Iko muzuri. Ni huyu tu anakunywaka na haraka."
Mzee wa kofia akanitazama sana. "Maman, huyu akikufa, si neno. Sisi tulikuya kuchukua yule mukubwa."
Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Yaya alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Mzee akanyoosha mkono, nikammiminia. Akanywa. Akanyoosha tena.
"Na zile za sinia ulete. Zisiharibike."

Jumapili, 16 Juni
Mvua hakuna. Chupa saba tupu zinakauka uani. Ya nane imeondoka na wakwe, imefungwa vilevile, chini ya kwapa la mzee wa kofia. Yaya bado amelala, mdomo wazi, kama tulipokuwa wadogo. Nimemfunika mguu.
Maman amemenya nanasi la chakula. Nimeyakuta maganda pembeni, kwenye bakuli safi, yamefunikwa kitambaa. Sikumwomba.