Kipimo cha mkwe wangu

Mwenzangu, kesho kwenye kliniki ya figo usikubali mkwe wangu anayefanya kazi hapo akubandike nyaya zake!

Leo amenipima mbele ya wazazi wake kwa chombo alichokibuni, kinachopima ukinzani wa mwili dhidi ya umeme ili kujua kiasi cha maji: ukinzani ukiwa mdogo, maji ni mengi. Akapaza sauti: “Mama, umejaa maji, twende hospitali!” Binti yangu akaangua kilio.

Nikamuuliza, “Umekisawazisha kwa kikinza gani cha umeme chenye ukinzani unaojulikana?”

“Kwa mwili wangu, Mama. Kwani mimi si mzima?”

Kwa mwili wake! Mwili wake, mwenzangu!

Nikaamuru apime kikinza cha ohm mia tano. Chombo kikasoma mia tatu. Unajua alivyonijibu? “Labda kikinza ndicho kibovu.”

Digrii mbili, akili nusu. Wewe ungepewa dawa za kukukausha, nami nikuzike kwa sababu ya mpumbavu! Nimezifungia nyaya zake kabatini, na ufunguo nimeukalia.